Gauni la Malkia wa Kuzimu

Fundi huyu mtaa mzima ulimwita Mama Kimya, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kwake kulalamika kwamba nguo inambana. Si kwamba aliwashinda mafundi wengine. Wateja wake walikuwa maiti. Miaka nenda miaka rudi alikaa na cherehani yake katika chumba kilichopakana na mochwari ya hospitali, akiwashonea marehemu nguo zao za mwisho: nyeupe, ndefu, zilizo wazi mgongoni ili wavishwe kwa urahisi, na mikono ya nguo imeshonwa ikazibwa kabisa mwishoni, kwa sababu ndugu wengi hawapendi kuviona vidole.

Hospitali ilipoanza kununua nguo hizo kiwandani, alipanga chumba nyuma ya kinyozi, akatundika gauni la maua mlangoni, akawangoja walio hai. Hawakuja. Wanawake walivuka njia wakapita upande wa pili. Mmoja alimwambia kinyozi, naye Mama Kimya akasikia ukutani: "Nivae nguo ya yule? Si nitakuwa nimejipeleka mwenyewe!"

Ndipo binti wa dada yake, mwalimu wa historia, alipokuja amekumbatia rundo la shuka nyeupe.

"Mama mdogo, darasa langu linaigiza Warumi wa kale na miungu yao. Nina Kaisari, nina askari, nina Janusi mwenye nyuso mbili, na Proserpina, malkia wa kuzimu. Vipimo nimewachukua mwenyewe. Wazazi watajaa. Wakizipenda nguo, mwalimu mkuu atakupa sare za shule nzima."

"Na wakijua ni mimi?"

"Watajua wakishapenda."

Basi Mama Kimya akashona kama anayefukuzwa. Shuka nyeupe, uzi mweupe, na vidole vyake vikajiendea vyenyewe, kama punda ajuaye njia ya nyumbani.

Siku ya onyesho watoto walivalia darasani. Walikuwa wakipigana vikumbo na kutaniana, hasa huyo Proserpina, msichana aliyeitwa Kasuku kwa domo lake. Lakini kila aliyevaa alinyamaza. Huyu, na huyu, na yule. Mwishowe walisimama wote ukutani, weupe, wima, hawatikisiki, na chumba kikawa kimya hata nzi akasikika kwenye kioo cha dirisha.

"Jamani, mmelala?" mwalimu akauliza, akicheka kicheko cha kulazimisha.

"Mwalimu," Kasuku akasema polepole, "hakuna pa kutokea mikono."

Mama Kimya akatazama. Nguo zote zilikuwa zimezibwa mikono. Hakukumbuka kuuziba hata mmoja.

"Mama mdogo! Umewafanya nini watoto wa watu?"

Mama Kimya alitoa wembe akaanza kufumua, na kila mtoto aliyefumuliwa alirudia kelele zake, kama redio iliyowashwa. Alipomfikia Kasuku, msichana akarudi nyuma.

"Yangu iache, bibi. Malkia wa wafu mikono ya nini? Anafua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Wazazi walikwisha kukaa ukumbini, na mwalimu akaashiria: mwache, muda umekwisha.

Kaisari alishangiliwa. Janusi aliwavunja watu mbavu kwa kugombana na kisogo chake. Kisha akaingia Proserpina. Alipaswa kuusimulia ufalme wake, lakini alisimama tu katikati ya jukwaa, mikono ya gauni ikining'inia mitupu, macho wazi yasiyomtazama mtu. Mwalimu akamnong'onezea maneno yake. Kimya. Mtoto mchanga akaanza kulia, na mstari wa mbele mama yake Kasuku akainuka.

"Gauni hilo nalijua. Mama yangu alizikwa nalo. Nani kalishona?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Mama Kimya, aliyesimama mlangoni, alijua kwamba akitulia tu hakuna atakayemgeukia, na sare atapewa. Akamtazama mtoto.

"Mimi," akasema, akapanda jukwaani na mkasi.

Akakata mkono wa kwanza wa gauni. Mkono ukatoka, wa baridi, umelegea. Mikono ya namna ile aliijua vizuri kupita ya kwake.

"Mwanangu," akanong'ona, "chezesha vidole. Nakuomba."

Wapi. Akakata wa pili, akauweka mkasi chini, akaishika yote miwili. Akangoja. Mara vidole vikamkamata, kwa nguvu, kucha zikamwingia. Kati ya wote aliowahi kuwavisha, hakuna aliyepata kumshika.

"Bibi," Kasuku akasema, akipepesa macho, "mbona mlikuwa mnaniita kwa mbali hivyo?"

Ukumbi ulimwagika nje, kila mzazi na mwanawe kifuani. Mwalimu mkuu alipita bila kutaja sare. Aliyebaki ni mama yake Kasuku.

"Mama yangu ulimshonea vizuri. Nilidhani amelala tu." Akamsukuma binti yake mbele. "Huyu mshonee sketi na blauzi. Lakini mpime hapa hapa, nikiona."

Mama Kimya akauzungusha utepe kifuani pa mtoto, akainama aisome namba. Namba haikutulia. Kifua kilipanda, utepe ukakaza, kikashuka, ukalegea, kikapanda tena. Akabaki ameinama, hajui achukue ipi.