Siku Niliyopewa Kiti

Kwetu mzee hupewa kiti. Watoto wakishajiweza huita kanisa na majirani, hufunga mahema uani, na mama au baba huletewa kiti kikubwa cha sofa, kimebebwa mabegani kwa nyimbo tangu langoni. Anakalishwa, anafunikwa blanketi, anapigwa picha. Nimeimba kwenye sherehe hizo kuanzia Tetu hadi Chaka mpaka sauti ikanikauka. Sikuwahi kufikiri kwamba nitaletewa mimi. Nilikuwa na kazi nyingi mno.

Tangu nilipoolewa hapa karibu na Kiganjo, sijui kukaa. Nilikamua ng'ombe kabla hakujapambazuka, nikapeleka maziwa, nikarudi kuwaosha watoto nyuso kwa maji ya baridi huku wakilia, nikawafukuza waende shule. Mume wangu alikuwa mtu wa polepole. Alizoea kuniambia, "Wewe, hata Mungu alipumzika," nami namjibu kwamba Mungu hakuwa na ng'ombe. Alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kulisikia jibu hilo. Sasa hayupo, na tangu aondoke nyumba imekuwa kubwa, siipendi. Nikiamka tu, miguu inataka kutoka nje.

Kilichonishikilia ni kanisa. Nilikuwa mwenyekiti wa kina mama kwa muda mrefu hivi kwamba watu waliacha kuniita mama wa fulani, wakaniita Mwenyekiti tu, hata sokoni. Kwetu kuna ibada ya Kiswahili, kwa ajili ya familia za polisi na walimu waliotoka magharibi na Ukambani, na humo ndimo mimi, mtu wa Kikuyu tupu, nilijifunza kuomba kwa lugha ambayo sikuzaliwa nayo. Kila Alhamisi tulitembelea wagonjwa na wazee, mimi mbele na wenzangu nyuma, tope au jua. Penye msiba niliingia jikoni kwa wafiwa bila kupiga hodi. Tulipochimba mtaro wa mabomba ya maji, nilisimama humo na wanaume nikiwa na jembe langu, na atakayesema sikuchimba aje aniambie mimi mwenyewe. Nilipenda kuhitajika. Sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka jana nikateleza kwenye ngazi za kanisa. Halikuwa anguko la maana, ni goti tu. Lakini watoto wangu wakaenda kuzungumza na mchungaji bila mimi, kisha binti yangu mkubwa, anayefanya kazi Nanyuki, akanipigia simu kusema kutakuwa na ibada ndogo ya shukrani nyumbani. Ndogo! Siku yenyewe nilikuta uani mahema, vipaza sauti, na sufuria za mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, ambazo mimi sikuruhusiwa hata kuzifunua.

Sasa, uchaguzi wa kina mama ulikuwa umekaribia, na kichwani mwangu hapakuwa na jingine. Kwa hiyo mchungaji aliposhika kipaza sauti na kutangaza, "Leo tunapatia mama yetu kiti yake!" na vigelegele vikapanda, nilijua ni kile cha uenyekiti, wamekubaliana kutopoteza wakati na kura. Nikasimama. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwake. Nikawashukuru kwa kuniamini tena, nikasema Alhamisi tutaenda upande wa Chaka, kila mtu aje na sukari, na atakayechelewa tutamwacha.

Wengine walicheka. Halafu wakaanza kutazamana.

Binti yangu akanisogelea sikioni. "Mami, ni kiti ya kukalia."

"Na ile ingine?"

"Ile ingine umepumzishwa."

Hapo ndipo nilipokiona kinaingia langoni, chekundu, bado kimevikwa nailoni, na aliyetangulia mbele yake akiimba ni mke wa polisi mmoja, mama wa kutoka magharibi. Yeye ndiye angechukua kazi yangu. Alipokuja hapa hakuwa na mtu, nilimpokea mimi. Wakanikalisha, wakanifunika blanketi jua likiwaka. Mchungaji akasema kuanzia leo mimi ni mlezi wa kina mama. Nikamuuliza mlezi hufanya nini.

"Mlezi ni wa kuheshimiwa tu, mama."

Nilitabasamu kwenye picha zote. Ndani nilikuwa nachemka.

Alhamisi ya kwanza baada ya hapo nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nilifunga kitambaa changu cha kanisa, nikakifungua, nikagombana na kuku. Nilijua saa wanayokutana na njia watakayopita. Nilikuwa nimeshika ufagio kwa mara ya tatu niliposikia wimbo langoni pangu, na nawaambia kweli, moyo uliruka. Wamenifuata! Wameshindwa bila mimi! Nikatupa ufagio, nikaingia ndani kutafuta mkoba na gambuti zangu za kukanyagia tope.

Nilipotoka na gambuti mguu mmoja, walikuwa wameshaingia sebuleni. Walikuwa na mkate, sukari na pakiti za maziwa. Nikageuka kuwasha gesi niwapikie chai.

"Ai, mama, wewe kaa tu," akasema mmoja. "Chai tutapika sisi."

Wakafungua kabati na kutoa vikombe. Mwingine alinivua gambuti, taratibu, kama anavyovuliwa mtu asiyepaswa kuharakishwa. Ndipo nikafahamu. Hawakuwa wamenifuata. Nilikuwa mzee wa Alhamisi hiyo.

Yule mke wa polisi akainama mbele yangu, akanishika mikono miwili, akauliza swali tunalouliza katika kila nyumba: "Mama, tukuombee nini?"

Nimeliuliza swali hilo maisha yangu yote. Watu wameniambia magoti, usingizi, watoto wasio na kazi, na mimi nimeyabeba yote mbele za Mungu na kuondoka kwenda nyumba nyingine. Sikuwahi kuulizwa. Nilitafuta jibu, nikaogopa, niseme ukweli, niliogopa kuliko siku tuliyomzika mume wangu. Wenzangu walikuwa wameshafumba macho, wakingoja.

"Ombeni nisizoee kukaa," nikasema.