Viatu vya misa ndani ya kayaki

Jamani, mama yangu ataniua na hii heshima yake.

Leo ofisini kwetu tulikuwa na safari ya Ziwa Chala, kupiga makasia kwenye kayaki.
Wiki nzima nimehangaika na viatu! Raba zinanyonya maji, ndala zinachomoka. Mwisho nikanunua yebo yebo za plastiki. Laini, hazichubui hata ukivaa kutwa nzima.

Asubuhi hapa nyumbani, mjini Mkuu, mlangoni yebo yebo hakuna.
Kuna viatu vyangu vya misa. Vya ngozi. Vimepigwa kiwi vinang'aa!

"Uende kwa watu na plastiki?" mama akasema. "Watasema sikukulea."

Gari linapiga honi. Nikavaa.

Ziwani wenzangu walicheka mpaka basi. Kayaki ikapinduka, soli ya kushoto ikabanduka, ikazama.

Nimerudi peku, nina hasira.
Namkuta mama anaosha banda la ng'ombe.
Amevaa yebo yebo zangu!

"Mwanangu, viatu hivi vinafaa kweli kwenye maji."

Kesho misa, na somo la kwanza nasoma mimi.
Nishaurini: nipande altareni peku, au na yebo yebo, nikinuka ng'ombe?