Siku Dana Alipousimamisha Wimbo

Harufu ya mgongo wazi ukikaangwa haijawahi kunikuta nimetulia. Hata leo nikipita mtaa wa Nyalenda jioni, mafuta yakianza kulia karaini, miguu yangu hutafuta mdundo na midomo hushika wimbo kabla sijaiambia. Lawama ni za bibi yangu. Nilimwita Dana, kama watoto wengi wa Kijaluo wanavyowaita bibi zao, na kazi yake ilikuwa kukaanga huo mgongo wazi, mifupa ya samaki mbuta, kando ya njia, ile ambayo viwanda vimekwisha kuchukua minofu yake. Nyuma ya karai, juu ya kigoda, redio yetu iliimba kutwa. Kanda tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Mjomba aliileta kutoka Nairobi akaisahau kwetu, na ndani yake mlikuwa na mchezo mzima wa jukwaani, watu wakisema kidogo na kuimba sana, habari za binti wa Port Victoria aliyekataa kuozwa akaondoka kwenda kujifunza unahodha. Sauti ya binti huyo ilikuwa ya mwanamke aitwaye Filgona. Nilikuwa na miaka kumi, na nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliye hai, nikimtoa Dana peke yake.

Kanda ile niliimaliza. Ilipojinyonga ndani ya redio niliichomoa na kuizungusha kwa kalamu ya biro mpaka ikanyooka, nikaendelea. Niliigiza wote: baba mkali, mama mwenye machozi, mchumba mwenye tumbo, hata mawimbi. Kulikuwa na wimbo mmoja, pale binti anapoaga kizingitini, ambao sikuwahi kuusikia bila kuurudisha tena mwanzo. “Mama, usifagie nyayo zangu, nitarudi kuzikanyaga.” Niliuimba nikiteka maji bombani, nikaambiwa nisogeze mtungi. Niliuimba darasani katikati ya hesabu, nikatolewa nje. Dana alisema nimemeza redio. Basi ilipobandikwa karatasi ukutani karibu na soko kwamba mchezo ule unakuja Kisumu, na Filgona mwenyewe ndani yake, sikula wala sikulala vizuri wiki tatu nzima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli. Mzee aliyefagia ukumbi ambamo ungechezwa alikuwa mteja wa Dana wa miaka mingi, naye akaahidi kutuingiza kwa mlango wa nyuma, lakini mimi sikumwamini. Kila alipokuja kununua samaki nilimuuliza kama bado anakumbuka, mpaka akaanza kutuma mtu.

Alikumbuka. Jumamosi mchana alituketisha mstari wa nne, mimi nimevaa gauni la kanisani, Dana amejifunga leso mpya na bado ananukia mafuta. Mbele yetu walikaa wanafunzi wa shule kubwa za mjini, soksi zimenyooka, wakinong’onezana Kiingereza. Filgona alipotokea nilishangaa kwamba ni mfupi. Nilikuwa nimempima kwa sauti yake, nikamjengea mwili mrefu. Alikuwa mwanamke mdogo, mnene kidogo, mwenye pengo katikati ya meno ya juu, na alipofungua kinywa sauti ikatoka ileile, ila safari hii ilikuja na pumzi, na jasho, na vumbi la jukwaa lililoruka alipokanyaga. Nilisema kila neno pamoja naye, bila sauti, mikono nimeikalia ili isiruke.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi nane, anapocheza mbele ya Wajaluo, mtu yeyote aliyeguswa ana ruhusa ya kumsimamisha. Atasimama katikati ya wimbo, ataamuru ala zinyamaze, kisha atajisifu: yeye ni nani, ametoka wapi, kwa kitu gani anawashinda wenzake. Atamsifu na ampendaye. Akimaliza atasema endelea, na mwanamuziki akiwa hodari ataliingiza jina lake ndani ya wimbo. Tunaiita pakruok. Si utovu wa adabu, ni shukrani, na msanii asiyesimamishwa hata mara moja hurudi nyumbani akijua hakuimba kitu. Dana, nyar Seme, yaani binti wa Seme, alikuwa amekua nayo huko kwao, kwenye matanga na sherehe. Ukumbi wa viti vya kukunjwa hakuwahi kuuingia, na hakuna aliyemwambia kwamba humo watu hunyamaza.

Filgona akafika kizingitini. Akaimba, “Mama, usifagie...” na kiti cha kando yangu kikajikunja kwa kishindo. Dana alikuwa amesimama, leso mkononi, anaipunga juu.

“Wewe Filgona! Simamisha hiyo wimbo kidogo! Mimi ni nyar Seme! Nikikaanga samaki Nyalenda, hata pasta anakatisha maombi! Na huyu hapa ni Awuor, mjukuu yangu, hii maneno yako yote iko kwa kichwa yake!”

Kinanda kikakatika. Mstari wa tatu wote ukageuka, soksi na Kiingereza na yote, nikaona meno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikungoja. Nilipita juu ya magoti ya watu, nikakanyaga mguu wa mtu aliyepiga kelele, nikatoka mpaka uani, nikajibanza nyuma ya pipa la taka. Kutoka ndani nilisikia kicheko, kisha makofi, kisha kicheko tena, na nikaamini kila kimoja kilikuwa cha kutucheka sisi. Nikaziba masikio. Mchezo niliousubiri wiki tatu niliumalizia kwa kutazama nzi.

Dana alipotoka uso ulikuwa unang’aa. “Kwani ulienda wapi?” akaniuliza. “Huyo mama ameita wewe mara tatu!” Ndipo akanieleza. Filgona aliinua mkono hivi, kiganja juu, akawanyamazisha wapiga ala na waliokuwa wakicheka. Akasema yeye pia ni binti wa ziwani, na tangu aanze kuzunguka na mchezo ule hakuna aliyewahi kumsimamisha. Akaimba, “Awuor wa nyar Seme, njoo unimalizie.” Akaimba mara ya pili. Mara ya tatu akashuka ngazi moja, mkono ameunyoosha. Kiti kilikuwa kitupu. “Sasa nikaenda mimi,” akasema Dana. “Mtu haachi mkono ya mgeni ikining’inia.” Alipanda jukwaani na ndara zake akaumaliza wimbo wangu, na kwa jinsi nilivyomjua, hakuimba sawa hata noti moja.

Sikusema naye siku nne. Nilimlaumu yeye, kwa kuwa kujilaumu mwenyewe kulikuwa kukubwa mno kwa mtoto. Yeye hakunilaumu. Wateja walipotaka hadithi ya siku ile aliwapa yote, na walipouliza mjukuu alikuwa wapi, alijibu bila kupepesa macho kwamba tumbo lilikuwa linamwuma. Aliendelea na uongo huo miaka yote, hata mbele yangu, mpaka alipozikwa Seme nikiwa kidato cha tatu. Sikuwahi kumwambia asante. Majuto ni mjukuu, na mimi ndiye mjukuu mwenyewe.

Siku hizi hakuna kinachopotea. Kila mchezo una simu mia zilizoinuliwa, na Filgona mwenyewe yumo humo mtandaoni, ameimba wimbo ule katika miji nisiyoijua. Nimetazama zote. Nazungusha kidole usiku na mchana kama nilivyozungusha kalamu ya biro, na mchana ule wa Kisumu haumo, kwa sababu ulihifadhiwa na mtu mmoja tu naye hayupo. Kwa hiyo Filgona aliporudi mjini mwezi uliopita, mvi zimemjaa, nilimchukua binti yangu Yunia, aliyerithi jina halisi la Dana, mwenye miaka kumi, tukakaa mstari wa nne. Tuliombwa tuzime simu na tukae kimya. Nilikaa kimya mpaka kizingitini. Hapo kiti changu kikajikunja.

“Filgona,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotaka, “usimamishe huo wimbo kidogo. Mimi ni mjukuu wa nyar Seme.”

Watu wakageuka. Mtu nyuma yangu akasema, “Mama, kaa chini bwana.” Na kule jukwaani mkono wa Filgona ukapanda polepole, kiganja juu, vilevile kama nilivyoambiwa, na ala zikanyamaza. Kando yangu Yunia alikuwa amekwisha kuinuka, uso ameufunika, anatafuta njia kati ya magoti ya watu. Nikamshika mkono.

“Kaa,” nikamwambia. “Wacha wacheke. Wewe kaa.”