Vidole vya Kulthum wa Langoni

Nimeziona kofia za Muscat, Moroni na Unguja, lakini sijaona zinazodai subira kama za Lamu: mamia ya vitundu, kila kimoja kikizungushiwa uzi kwa mkono. Kulthum Dawud humaliza moja kwa miezi mitatu. Nilimwagiza ya kaka yangu, nikarudi mtaani kwake Langoni baada ya miezi kumi. Kofia ilikuwa imefika nusu.

"Usinikasirikie, dada," alisema, akaninyooshea mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba hadi ngozi inang'aa. "Sindano naiona. Vidole ndivyo havinitii."

Ana miaka thelathini na minane na watoto wawili. Aliachika zamani, akarudi kwa mama yake, Bi Hadil. Kushona alikuanza akiwa na miaka tisa, na hana kazi nyingine anayoijua vizuri. Siku zile alichokiogopa si maumivu. Aliogopa kwamba mikono imekwisha.

Bi Hadil alikuwa na jibu lake: jicho. Kofia moja ya Kulthum ilivaliwa na bwana harusi, na jirani akaisifu kwa sauti mbele ya watu bila kutamka mashaallah. Tangu siku hiyo jirani hakusalimiwa. Kulthum akanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa marashi, kwa siku arubaini. Moyo ulitulia, vidole havikutulia. Ikaongezeka homa ndogo ya kila jioni, macho makavu, na uchovu wa mtu aliyebeba mawe.

Hospitali walikwenda mara tatu. Mara zote Bi Hadil aliingia na binti yake, akaketi kiti cha mgonjwa, akajibu yeye.

"Amewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hata kidole. Mwanangu mzima tangu nimzae."

Kulthum alikuwa amesimama nyuma. Mwanawe wa pili alipoacha ziwa, Kulthum alikwenda Muscat kufanya kazi saluni kwa miaka sita, na huko alitiwa vifuko vya silikoni kifuani, vya kujaza matiti. Alirudi na buibui lake pana, hakuna aliyejua. Angeanzia wapi kulisema hilo mama yake yupo? Wakapewa dawa za baridi yabisi, wakarudi nyumbani.

Aliyegundua ni Bi Rahima, mkandaji. Kazi yake ni kukanda wanawake waliojifungua, na Bi Hadil alimwita aje ajaribu na mikono ya binti yake. Bi Rahima hakandi mikono peke yake. Alianza mabegani, akashuka. Alipofika kifuani akasita. Akabonyeza kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Kidole chake kikapita juu ya kovu jembamba chini ya titi.

"Hadil," aliita, "nipashia mafuta haya jikoni. Na usifanye haraka."

Mama alipotoka, aliinama karibu.

"Nimekanda wazazi miaka thalathini. Hili la kushoto gumu kama embe bichi. Hukuya nalo duniani, mwanangu."

Kulthum akaanza kulia.

"Usilie, mamako atarudi. Nani alikutia?"

"Daktari. Nilitaka mwenyewe."

"Yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana, Bi Rahima."

"Haya, angalau!" Bi Rahima akachekea puani. "Na daktari wa hapa yuajua?"

"Mama alikuwa ndani."

"Mamako hashoni kofia. Washona wewe."

Wiki iliyofuata Kulthum na Bi Rahima wakavuka kwa boti hadi Mokowe, bara, wakapanda basi la Mombasa. Bi Hadil alitaka kufuatana nao. Bi Rahima akamwambia watoto hawawezi kubaki peke yao. Daktari wa viungo, mwanamke aitwaye Cherotich, aliuliza swali lile lile la upasuaji. Safari hii Kulthum alijibu yote kwa pumzi moja, kabla hajaogopa.

Damu ilionyesha mwili unapigana na kitu. Picha ya kifua ilionyesha kifuko cha kushoto kimepasuka, silikoni imepenya hadi kwenye tezi za kwapa.

"Kwa hiyo hivyo vifuko ndivyo vilivyoniulia vidole?" Kulthum aliuliza.

"Sitakudanganya," alisema Daktari Cherotich. "Kilichopasuka lazima kitoke, hilo halina ubishi. Kuhusu viungo, wataalamu bado wanabishana. Kuna wanawake kinga yao ya mwili huonekana kuchafuka, na wakitolewa vifuko hupata nafuu. Wengine hawapati. Wengi hukaa navyo miaka bila shida yoyote. Tutavitoa vyote viwili, tutakupa dawa, tuone."

"Vidole vitarudi?"

"Natumaini. Siahidi."

Asubuhi ya upasuaji Kulthum alimpigia mama simu akamweleza.

"Na mimi nimemnunia jirani mwaka mzima!" Bi Hadil akasema. "Yarabi, nitamtazama vipi?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Yuko nani wa kukushika mkono huko?"

"Bi Rahima."

"Mwambie asiuachie."

Upasuaji ulipita salama. Wiki ya tatu homa ya jioni haikuja. Wiki ya saba uvimbe ulianza kushuka, kidole kwa kidole, cha mwisho kikiwa gumba la kulia. Bado anameza vidonge, na kila baada ya miezi mitatu anakwenda Mombasa kupimwa damu. Kipi kimemsaidia, upasuaji au dawa, daktari hasemi, naye hana haja ya kujua.

Nilipokwenda Lamu tena, siku ya kuwaaga nilimkuta ameketi kwenye mkeka, kichwa kimeinama, uzi unapita juu na chini bila kusita. Bi Hadil alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Pumzika basi, umeshona saa nzima."

"Niache kidogo, Mama," alijibu bila kuinua uso. "Vinakwenda."