Jina Alilolizika Dorika

Dorika ni mwenzangu wa ndoo. Watu wa Newala wanamjua kama kungwi, wengine kama mama wa kanisani. Mimi namjua mgongo wake, maana miaka mingi nilishuka nyuma yake bondeni kufuata maji, na nilipanda nyuma yake. Bega lake la kushoto limelala upande mpaka leo. Mimi nilikuja hapa kuolewa, kwetu ni Lisekese, kule Masasi. Siku ya kwanza nilipomwaga ndoo pale kwenye mteremko, wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Dorika hakucheka. Alinimiminia nusu ya maji yake, nikaanza kushukuru, akanikata: "Usinishukuru, tembea."

Ndivyo alivyo. Maneno machache, mgongo mrefu.

Watoto wetu walikuwa wadogo alipokuja mama mmoja wa Ulaya, msomi wa chuo kikuu, anaandika habari za wanawake na maji. Sikumpenda mwanzoni, lakini alijitwika ndoo, ikammwagikia kama ilivyonimwagikia mimi, nikamsamehe. Alipomaliza kutuuliza maswali yake alisema, "Sitaandika majina yenu, msije mkapata taabu. Kila mmoja anipe jina lisilo lake."

Sasa, huku kwetu mtoto akienda unyagoni hurudi na jina jipya. La utotoni linabaki kule kule alikofundwa, na haliitwi tena. Mtu mzima ukimwita kwa jina hilo umemtukana; umesema hajafundwa, bado mtoto. Basi tulipoambiwa tutoe jina lisilo letu, tulitoa yale. Ni jina gani lingine lisilo letu kuliko lile? Tulicheka sana siku hiyo. Tulikuwa wanne: Bibiana, Dorika, Sophia na mimi.

Mwaka uliofuata kikaja kijitabu kwa posta, Kiingereza kitupu. Kasisi alituambia kinaitwa jarida, kinakaa kwenye nyumba za vitabu za vyuo vya ng'ambo, wasomi wanasomana wao kwa wao. Dorika akakitia sandukuni. Mchwa wakakila, jalada na vyote. Karatasi ya zamani ilikuwa na adabu. Ikishasema na wenyewe inakufa.

Sophia alitangulia zamani. Mwaka huu akafa Bibiana, na kwenye arobaini yake akasimama Gasper. Huyu ni mwalimu wa sekondari, mtoto wa mdogo wake Dorika, anasoma digrii nyingine kwa njia ya simu. Ana moyo mzuri, na ndio ulioharibu. Alinyanyua simu juu kama mtu anayeonyesha kuku wa kuuza.

"Wazee wangu, marehemu yumo kwenye jarida la kitaalamu! Zamani watu walikuja, wakaandika habari zetu, wakaondoka nazo, sisi wenyewe hatuzioni. Sasa majarida yale yote yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, yamewekwa mtandaoni. Hili limefunguliwa bure. Mtu yeyote, popote, anasoma!"

Watu wakapiga vigelegele. Akaanza kutusomea, anageuza Kiswahili. Ndoo, mteremko, foleni ya kisimani. Mimi nilikuwa nafurahi, sitasema uongo. Kisha akasoma majina. Alijua ni sisi kwa hadithi za Dorika, lakini mtoto wa watu hakujua ni majina gani, alidhani yamebuniwa.

Mzee Hamudi akaruka. "Huyo wa pili si Dorika huyo? Mimi nimechunga naye mbuzi!" Akalitamka tena lile jina, kwa sauti, mara anaigiza mtoto anayelia makamasi.

Msiba mzima ulicheka. Hamudi ni mtani wa kina Dorika, na mtani hakasirikiwi, kazi yake ni hiyo. Hata Dorika alitabasamu. Lakini vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa nje ya uzio si watani wa mtu.

Kesho yake Dorika alipopita sokoni wakamwita kwa jina lile. "We fulani, mama yako anajua umetoka?" Keshokutwa wakaita tena. Wengine walilitafuta kwenye simu zao wakamsomea na mistari. Tena wakaanza kuulizana, "Na hili lingine la nani?" maana ya marehemu wawili wazee waliyatambua, langu ndilo lilikuwa halijulikani. Aliyenijua utotoni yuko Lisekese, kaburini.

Shule zilikuwa karibu kufungwa, na Glory, mjukuu wa Dorika, alikuwa aingie unyagoni. Dorika ndiye wa kumfunda, alimngoja tangu anazaliwa. Nikamkuta amekaa ndani, mlango umerudishwa mchana kweupe.

"Atafutwe mwingine," akaniambia. "Mtoto hafundi mwali."

"Nani mtoto? Una wajukuu!"

"Umesikia njiani wananiita nani. Na wali nitakaowafunda watasikia. Nitawaambia nini kuhusu jina, Mama Ashraf? Nitawaambia linakufa?"

Nilikwenda kwa Gasper, nikamkuta anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mama Ashraf."

"Marahaba. Litoe."

"Mama, si mimi niliyeliweka."

"Ulijua kulifungua, ujue na kulifunga."

Aliandika barua pepe kwa wenye jarida, mimi nimekaa hapo hapo. Kijitabu kile kilichukua mwaka kutufikia. Majibu ya barua yake yalikuja mihogo niliyoanika haijakauka. Gasper alinisomea polepole, uso umemshuka. Yule mama mwandishi alishafariki. Jarida lenyewe limenunuliwa na kampuni kubwa. Kilichokwisha kuchapishwa hakifutwi, na hata wakikifuta wao, nakala ziko kwenye vyuo na mitambo mingi, hawajui zote. Walisema poleni. Walisema wanaweza kubandika maelezo mbele ya makala, kwamba jina hili lilitumika kimakosa na mwenyewe anaitwa Dorika.

"Ni kitu, Mama," Gasper akasema. "Afadhali kuliko hakuna."

"Soma tena hapo mwisho."

Akasoma. Nikamwambia, "Sasa hivi lile jina linajulikana Newala, tena stendi ya bodaboda tu. Wewe unataka walifunge pamoja na jina lake, dunia nzima ione?"

Gasper akaizima simu, akaiweka kifudifudi juu ya madaftari. "Nilitaka kuwaheshimu," akasema.

"Najua, baba. Waambie wasibandike chochote."

Nilitoka pale nikashika njia ya nyumbani. Nimepigana na wakwe, na wenye foleni za maji, na mabwana wa korosho, na wote walikuwa na mlango wa kugonga. Hiki sikukiona mlango. Nilifika stendi ya bodaboda, vijana wamejilaza juu ya pikipiki zao, na Hamudi amekaa nao anakula muhogo wa kuchoma. Sikuwa nimepanga. Nilichoka tu.

"Nyinyi," nikasema. "Lile jina lingine mnaloulizana, ni langu."

Nikalitamka. Tangu nilipolizika mdomo wangu haukuwahi kulisema. Hapa siliandiki, karatasi siku hizi hailali.

Hamudi akapaliwa na muhogo, wakacheka wote, nikasimama nikawangoja wamalize.

Dorika habari zilimfikia kabla yangu. Nilimkuta mlangoni.

"Umekuwa mjinga uzeeni," akasema. "Lako hakuna aliyekuwa analijua."

"Sasa wanalijua."

"Kwa nini?"

"Usinishukuru," nikamwambia. "Tembea."

Aliingia ndani, nikasikia anafungua sanduku. Akatoka amejifunga kanga yake ya ukungwi na ndoo mkononi, maana mwali huogeshwa, na bomba la mtaani lilikuwa kavu tangu Jumapili. Nikachukua yangu.

Pale njia panda vijana wakaita la kwake. Kisha wakaita la kwangu.

"Mama Ashraf," Dorika akasema bila kugeuka, "wanakuita."

"Nimesikia. Na wewe?"

"Nimesikia."

Tukaendelea, yeye mbele, mimi nyuma ya lile bega lake.