Hifadhidata Iliyofunguka Tupu Likoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya programu huko Changamwe, nilimwamkia Mkuu wa Kitengo shikamoo. Akaitikia marahaba na papo hapo akaniuliza, "Programu yetu ya Java ina hifadhidata ndani yake, haina seva. Je, faili lake la mipangilio liko wapi?"

Nikaanza kufungua folda moja baada ya nyingine.

"Usipoielekeza," akasema taratibu, "italitafuta katika folda yoyote ilimoanzishwa. Leo humu, kesho kwengine."

Miaka ikapita, nikapelekwa Likoni kuhudumia kliniki ya wazazi, iliyotunza kumbukumbu zao katika programu hiyo. Asubuhi moja Mkunga Mkuu akaniita. Jana yake kompyuta ilikuwa imepangwa upya na kuwekwa ikoni mpya ya kufungulia programu. Sasa programu ilifunguka vizuri, lakini haikuwa na jina la mzazi hata mmoja. Na Bi Mwanajuma alikuwa kitandani, uchungu umeshika. Uzazi uliopita alidungwa dawa nusura imuue, na jina la dawa hiyo halijui.

"Fundi," Mkunga Mkuu akaniambia, "wallahi simdungi kitu nisichokijua."

Nikalikumbuka swali la Mkuu wa Kitengo, nikaelewa. Ikoni ile ilianzisha programu kutoka folda nyingine. Programu haikuona humo faili la mipangilio wala hifadhidata ya kliniki, ikajiundia hifadhidata mpya, tupu, wala isiseme neno. Nikalisaka faili diski nzima. Lilikuwa katika folda ya zamani, na hifadhidata yetu kando yake, haijaguswa.

Nikaianzisha programu kutoka humo. Majina yakajaa. Mkunga Mkuu akasoma jina la dawa kwa sauti, akavuta pumzi ndefu, akarudi kwa mzazi wake. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alikuwa analia, na mama yake anaomba chai.

Ndipo nikaandika njia kamili ya kulifikia faili katika amri ya kuanzisha programu, nikaiagiza isifunguke kamwe ikilikosa. Mkuu wa Kitengo aliposikia alisema tu, "Basi fanya hivyo kwa wateja wote." Nikawazunguka, Kisauni hadi Miritini.

Sasa nimestaafu, naishi Junda. Vijana, programu inayokataa kufunguka itawaudhi kidogo tu. Iogopeni ile inayofunguka tupu ikanyamaza. Mimi nalala vyema, alhamdulillahi, kwa kuwa nilizoziacha zinajua kukataa.