Ni Dawa, au Ni Mkono wa Mama Mkia?

Saa moja na nusu asubuhi, mtafiti ana panya mkononi na wala hamtazami. Macho yako kwenye mashine, ambako namba zinapanda na kushuka. Mkia wa panya umefungwa mkanda mdogo wa kupimia presha, sawa na ule tunaofungwa mkononi hospitalini, ila huu kidole gumba hakiingii.

"Tulia baba, tulia," anambembeleza. "Mia na kumi na nane. Jana, alipokuwa mikononi mwa Mjomba, huyu huyu alikuwa na mia na arobaini. Sasa nimwamini yupi, wa jana au wa leo?"

Mimi, mwandishi niliyekuja kumtembelea, naandika namba zote mbili.

Wenzake wanamwita Mama Mkia. Ana miaka arobaini na mmoja, na mitatu ya mwisho ameimalizia humu, kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye vizimba arobaini na harufu ya maranda. Anachunguza homoni inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Homoni hiyo huuamuru mwili ushikilie chumvi. Ikizidi, presha hupanda, na hata moyo hubadili namna unavyochoma mafuta na sukari ili upate nguvu. Yeye anajaribu dawa ya kuizuia.

Mwaka jana mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Presha ya panya waliopewa dawa ilikuwa chini ya ile ya wenzao kwa pointi ishirini na saba. "Nilikuwa nacheka peke yangu njiani," anasema.

Kisha akachukua likizo ya wiki mbili kumuuguza mama yake, mwenye miaka sitini na tisa na presha iliyomsumbua nusu ya maisha yake. Panya akamwachia Mjomba, mtunza wanyama wa maabara, mtu mzima mwenye maneno mengi. Aliporudi, presha ya panya wa dawa ilikuwa imepanda.

"Nikadhani Mjomba kakosea kupima. Nikapima mimi, wakashuka. Akapima yeye, wakapanda. Nikasema, haya sasa makubwa!"

Siku ya tatu aliliona kosa, akakaa sakafuni. Kwa kuwa kuchoma sindano ya dawa kunataka mkono mzoefu, panya wa dawa alikuwa akiwashika yeye tangu mwanzo. Wasio na dawa walikuwa wa Mjomba. Na panya huingiwa na hofu kwa harufu ya mwanamume, na hofu nayo ina homoni zake za kupandisha presha.

"Miaka yote nawalisha, leo nimekuwa mbaya kwa sababu ya jasho," analalamika Mjomba, huku akijinusa kwapa. "Mke wangu hajawahi kulalamika."

Walipoanza kuwashika kwa zamu, zile pointi ishirini na saba zikabaki kumi na moja. Wiki nyingine zilikuwa pointi sita. Wiki nyingine, pointi kumi na tano.

"Asubuhi naamini, jioni siamini," anasema. "Nimechanganyikiwa, andika hivyo hivyo. Nimeona kwa macho yangu na sijui nilichoona."

Jumapili iliyopita alikwenda kumweleza mama yake, nami nikafuatana naye. Kabla ya maneno, akampima. Mia na tisini na nne kwa mia na kumi.

"Mama, vidonge unameza?"

"Vya nini? Vinanivimbisha miguu. Si ulisema dawa yako imekaribia? Tangu siku ile nimeviacha, nasubiri ya mwanangu."

Ilikuwa imepita miezi mitano. Mtafiti aliogopa, akakasirika, akaona aibu, na vyote vilimjia pamoja asijue aanze na kipi.

"Mama, sijui kama inafanya kazi."

"Hujui?"

"Sijui."

"Wewe, uliyesoma mpaka ukaota miwani?"

"Mimi huyo huyo. Vaa viatu mama yangu, twende hospitali sasa hivi."

Mama alibadilishiwa vidonge, akaonywa asiviache tena. Jana alikuwa na mia na sabini na mbili. Mtafiti hajui kama afurahi au aendelee kuogopa.

Jumatatu ijayo anaanza upya, na panya wapya arobaini, kwa wiki kumi na nne. Kila panya atapigiwa kura nani amshike, na si yeye wala Mjomba atakayejua yupi ana dawa na yupi hana.

Namuuliza anatumaini nini. Anamfungua panya mkanda, anamrudisha kizimbani.

"Natumaini wiki hizo zikiisha, mama yupo," anasema. "Niende nimwambie. Hata kama ni kumwambia kwamba nilikosea."